Wekundu wa pampasi kwa mtoto umeingia kwenye mikunjo, poda na mafuta vimegonga mwamba

FundiWaMajengo · Jumatatu, saa 4:12 usiku

Habari za usiku wapendwa. Mbukwenyi kwa wa nyumbani. Mnisamehe kwa urefu, lakini nimeona watu wakiuliza mstari mmoja wanaishia kuulizwa maswali kumi, kwa hiyo naandika yote nimalize.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo jirani na Soko la Majengo hapa Dodoma, naishi Chang'ombe. Nina binti wa miezi saba, mtoto wangu wa kwanza. Mchana nashinda naye kibandani, analala chini ya meza ya kukatia, ndani ya beseni kubwa nililolitandika mabaki ya vitambaa. Nataja hilo makusudi ili mjue anashinda kwenye joto. Mwezi huu wa kumi bati linawaka. Ikifika saa nane mchana hata mkasi ukiushika unauachia.

Wiki tatu zilizopita alishikwa na kikohozi, kifua kikawa kinabana. Tukaenda kituo cha afya, wakamhesabia pumzi, wakampa amoksilini, vile vidonge vya kuyeyusha, siku tano. Kifua kikapona kabisa, nashukuru. Ila siku ya tatu ya dawa akaanza kuharisha, choo laini mara tano mara sita, na matako yakaanza kuwa mekundu. Sikushtuka. Nani hajaona mtoto aliyebabuka na pampasi?

Nikafanya yale tunayofanya wote. Poda kwanza, ikaganda kwenye mikunjo kama unga wa chapati uliolowa. Mafuta ya mgando. Mama mkwe akaja kutoka Mvumi na chupa ya mafuta ya alizeti ya kukamua mwenyewe, nayo tukapaka. Siku ya sita nikaingia duka la dawa, kijana wa mle hata mtoto hakumtazama, akanipa tyubu akasema hii dada inatibu kila kitu. Nikapaka. Kesho yake wekundu umefifia, keshokutwa ngozi karibu ya kawaida, nikamsifu yule kijana kwa kila mteja aliyeingia kibandani. Siku ya tano nikaacha. Siku ya saba upele ukarudi, na umerudi na ukoo wake.

Picha ya mtoto siweki, nitawaeleza ninachokiona. Ni wekundu uliokolea kama nyama iliyotoka kuchunwa, unang'aa. Umeanzia kinenani, kwenye ule mkunjo paja linapokutana na mwili, ukapanda mbele na kushuka nyuma. Kingo zake zinaonekana wazi, kama mstari wa chaki kabla sijapitisha mkasi, na ngozi ya pale kingoni inabanduka magamba membamba. Halafu nje ya mstari kuna vidoa vidogo vyekundu, vingine vina kichwa cheupe, vimetawanyika. Wenye cherehani wataelewa: ni kama uzi umekatika hujajua, sindano inaendelea kutoboa kitambaa tupu.

Nikimfuta analia mpaka sauti inakatika. Homa hana. Ananyonya vizuri, uji anakula.

Naomba kujua: hii ni fangasi? Kama ndiyo, nipake nini, mara ngapi, na niache lini? Maana la kuacha nadhani ndilo lililoniponza. Na kuna jambo la pembeni. Mama mkwe anazungukazunguka kwa mafumbo kwamba tumembemenda mtoto, yaani tumemdhuru kwa kukutana kimwili angali ananyonya. Baba yake yuko Kibaigwa kwenye biashara ya mahindi tangu mwezi wa nane, hajakanyaga Chang'ombe, kwa hiyo hata huko kubemenda sijui kumeingilia dirisha gani.

---

BabaPacha_Ilazo · saa 4:40 usiku

Pole sana dada. Sisi tulikuwa na pacha, maana yake matako mawili kwa zamu. Toa pampasi kabisa mchana, mlaze kifudifudi juu ya kanga, matako hewani. Poda tupa, pacha wetu mmoja aliivuta puani akapaliwa mpaka tukakimbizana naye hospitali. Dawa sijui majina, alikuwa anashughulika mama yao.

---

MamaK_Singida · saa 5:03 usiku

Mwanangu, tafuta GV, ile dawa ya zambarau. Sisi tumelea wote kwa GV. Paka asubuhi na jioni siku tatu, umemaliza.

---

Mgogo_Halisi · saa 5:15 usiku

Mama mkwe akitoka Mvumi na chupa ya alizeti, mpokee, mpe kiti, kunywa naye chai, na mafuta yaingie kwenye mboga. Nimemaliza.

---

NesiWaZamu · Jumanne, saa 11:20 alfajiri

Mama binti, pole. Natoka zamu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Laiti wazazi wote wanaokuja kwetu wangeeleza namna hii. Mtoto sijamwona, kwa hiyo yapokee kama maneno ya mtu aliyebadilisha nepi nyingi.

Kubabuka kwa kawaida, kule kwa mkojo na choo, hukaa pale pampasi inapogusa: matako yalipotuna, juu ya mapaja, chini ya kitovu. Ndani ya mkunjo ngozi husalimika kwa kuwa haisuguliwi. Kwako ni kinyume, umeanzia ndani ya mkunjo. Weka na hivyo vidoa vya nje ya mpaka, ambavyo mimi nikiviona sitafuti shahidi mwingine. Ongeza na ile antibiotiki aliyopewa, amoksilini. Ongeza na siku zilizopita, maana upele wa pampasi ukivuka siku tatu bila kupoa, mara nyingi fangasi ameshahamia. Huyo ni kandida.

Na usianze kumtafuta mchawi. Kandida anaishi tumboni mwa mtoto, kwangu yupo, kwako yupo, anatoka na choo. Siku zote kuna bakteria wanaombana asitambe. Amoksilini ilipokwenda kuua waliokuwa kifuani iliwapitia na hao walinzi. Sisemi hakustahili kupewa. Nimonia inaua watoto, fangasi wa matakoni haui. Kisha kuharisha kukachubua ngozi, pampasi ikafunika, na joto la bati hilo. Shamba limelimwa, limemwagiwa, mbegu ilikuwepo.

Dawa ni krimu ya klotrimazoli asilimia 1, kwenye tyubu itaandikwa Clotrimazole 1% na isiwe na jina jingine lolote la dawa pembeni yake. Ukikosa, mikonazoli asilimia 2 au marhamu ya nistatini, kazi ni ileile. Klotrimazoli unapaka mara mbili au tatu kwa siku, tabaka jembamba, kiasi cha punje ya harage kinatosha eneo lote. Pita nje ya mpaka kidogo uvifikie na vile vidoa. Ukirundika haiponyi haraka, inalowesha tu.

Namna ya kupaka ndiyo watu wanakosea. Osha kwa maji ya uvuguvugu na pamba au kitambaa laini, bila sabuni ya harufu, na zile tishu zenye unyevu na manukato weka kabatini kwa sasa. Usisugue, gusa kwa kukandamiza mpaka pakauke, hasa ndani ya mkunjo. Mwache wazi dakika kumi, kumi na tano. Paka klotrimazoli. Subiri iingie. Halafu juu yake paka krimu ya zinki, hiyo sasa usiionee huruma, nene kama siagi kwenye mkate, ndiyo koti la mvua. Klotrimazoli ni kwa zile mara mbili tatu, zinki ni kila ukibadilisha. Na akijisaidia usikwangue zinki yote mpaka uione ngozi. Ondoa iliyochafuka, ongeza juu.

Ukianza leo, ndani ya siku mbili tatu unatakiwa kuona wekundu unapungua makali. Kuacha: usiache siku unayoona ngozi nzuri. Fangasi anapotea machoni kabla hajaisha. Kwa kawaida tunakwenda hadi wiki mbili.

Usisubiri jukwaani ukiona homa, malengelenge, usaha, vidonda vinavyotoa damu, mtoto amelegea au amekataa titi, au siku tatu za dawa zimepita na hakuna mabadiliko. Na mwingine anayesoma hapa akiwa na kichanga chini ya miezi miwili, huyo apelekwe aonwe, asipakwe kwa maelekezo ya mtandaoni.

Bibi wa Singida, shikamoo. GV inaua fangasi, ni kweli. Lakini juu ya ngozi iliyochubuka inaweza kuwasha na hata kuchimba vidonda, na ikishapaka zambarau kote sisi hatuoni tena kama wekundu unakwenda au unarudi.

Kubemenda sitakugusia, nina mama mkwe pia.

Swali moja: ile tyubu ya "kila kitu" unayo bado? Soma maandishi madogo utuambie.

---

FundiWaMajengo · Jumanne, saa 2:05 asubuhi

Dada nesi Mungu akubariki, umekaa macho kwa ajili ya matako ya mtu usiyemjua.

Tyubu ninayo. Maandishi ni madogo mpaka nikavaa miwani ya kutungia sindano. Wameandika: Betamethasone, Clotrimazole, Gentamicin. Sasa nimechanganyikiwa. Si hii klotrimazoli unayosema imo humu? Kama imo, mbona upele umerudi? Na kama ninayo nyumbani, si niendelee nayo badala ya kununua nyingine?

---

NesiWaZamu · saa 2:31 asubuhi

Usiendelee nayo. Nilikuwa nahisi tu, sasa nina hakika.

Hapo ndani kuna watu watatu. Klotrimazoli ndiye anayeua fangasi. Jentamisini ni wa bakteria, hana kazi kwenye kesi yako. Betamethasoni ni steroidi kali. Huyu wa tatu anazima wekundu na muwasho kwa saa chache, ndiyo maana ulimsifu muuzaji kesho yake tu. Lakini wekundu ule ni ngozi inapigana. Steroidi inaiambia iweke silaha chini. Fangasi anabaki anakula kimyakimya, wewe unaona ngozi nzuri, siku ya tano unaacha. Klotrimazoli ilikuwa haijamaliza hata nusu ya kazi yake.

La pili ndilo linaloniudhi zaidi. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na pampasi ikifunika dawa inaingia mwilini zaidi kuliko ikipakwa mkononi. Steroidi kali ikipakwa hapo siku nyingi inakonda ngozi, inaweza kuacha michirizi ya kudumu, na ikizidi inaingia kwenye damu na kuvuruga homoni za mwili wenyewe. Siku tano zako zisikukoseshe usingizi. Nakueleza kwa sababu wapo wanaoipaka miezi, wakiacha inarudi, wakipaka inapoa, wanadhani wamepata dawa.

---

DukaLaDawa_Kibaigwa · saa 3:10 asubuhi

Niseme upande wetu wa kaunta, mnisikilize kabla hamjanitupia mawe. Mimi nina duka la dawa muhimu, nimesomea. Mteja anakuja jioni, amebeba mtoto analia, anataka kitu kitakachofanya kazi usiku huuhuu. Nikimpa klotrimazoli peke yake, ambayo ndiyo ya bei ndogo, anaona nimempuuza. Nikimpa ya mchanganyiko, kesho anarudi kunishukuru na kuniletea jirani yake. Siungi mkono, nawaambia inavyokwenda.

Ushauri wangu, usiseme "nipe dawa ya upele". Taja jina: klotrimazoli tupu. Mwambie akusomee tyubu kabla hujalipa. Na mkitaka kuitambua steroidi bila kusomea ufamasia, majina mengi yanaishia na "sone" au "lone". Clobetasol yenyewe imekwepa huo mwisho na ndiyo kali kuliko zote hapo rafuni, hiyo mkiiona kwenye dawa ya mtoto rudisheni.

---

BabaPacha_Ilazo · saa 3:25 asubuhi

Nimekwenda kabatini sasa hivi. Ipo. Ya mwaka jana. "Sone" kabisa. Kimya kimetanda nyumbani.

---

FundiWaMajengo · Ijumaa, saa 3:48 usiku

Nimerudi kutoa taarifa, siku ya nne ya dawa.

Jumanne hiyohiyo nilikwenda duka jingine nikasema kama nilivyofundishwa, klotrimazoli tupu, nisomee. Dada wa kaunta akacheka akasema leo nimepata mwalimu. Tyubu ndogo, bei nafuu kuliko ile ya kila kitu, na ya zinki nikachukua ya kopo.

Hewa imekuwa mtihani. Mchana kibandani nimemvua pampasi, nimemlaza juu ya kanga mbili zilizokunjwa. Jumatano nimegeuka kuchukua utepe, mtoto amekojoa, mkojo umeruka kama bomba, umetua kwenye gauni la sendofu la mteja, satini, rangi ya pichi, siku mbili kabla ya shughuli. Nimeloweka, nimesuuza, nimepuliza feni, doa limekwenda. Mwenye gauni kama unasoma hapa, sherehe njema na sikujui.

Hali: kung'aa kumeisha. Wekundu umetoka kwenye nyama mbichi umekuwa kama nyanya ambayo haijaiva vizuri. Matundu ya sindano yamekauka, mengine yamebaki alama. Nikimfuta analalamika, halii tena ule wa kukata sauti.

Tatizo ni nepi. Nimeamua kumvalisha za kitambaa mchana na pampasi usiku tu, lakini maji yetu Chang'ombe ni ya kisima, yana chumvi, sabuni haitoki povu wala haisuuziki. Nikianika zinakauka kavu kama kadibodi. Halafu upepo wa Dodoma mnaujua, ukianika cheupe unaanua cha udongo. Mnafuaje nyie?

---

NesiWaZamu · saa 4:20 usiku

Nyanya mbichi ni habari njema. Endelea, usije ukaacha kwa furaha.

Nepi: choo kiondoe kwanza, loweka, fua kwa sabuni ya kawaida isiyo na manukato na usiweke ile dawa ya kulainisha nguo. Maji ya chumvi hushika sabuni kwenye kitambaa, na sabuni iliyobaki ikilowa mkojo inamchoma mtoto upya. Kwa hiyo sabuni punguza, suuza ya mwisho iwe kwa maji ya mvua au ya dumu kama unayo. Kipindi hiki cha fangasi zichemshe sufuriani kabisa. Anika juani, na kabla ya kumvalisha piga pasi pande zote. Pasi inamalizia waliobaki, na inaua mayai ya nzi yale yanayoleta funza wa ngozini.

---

Mama_wa_Manyoni · Jumamosi, saa 12:50 asubuhi

Shikamooni wakubwa. Naomba niongeze kitu kimoja ambacho kwangu kilichelewa kujulikana. Wa kwangu alipakwa vizuri kabisa, ukapona, ukarudi, ukapona, ukarudi, miezi miwili. Mpaka muuguzi mmoja alipomfungua mdomo. Kulikuwa na utando mweupe kwenye ulimi na ndani ya mashavu, mimi nikidhani maziwa. Maziwa yanafutika, ule haufutiki, na ukiulazimisha chini yake pana wekundu. Fangasi alikuwa anashuka kutoka juu kila siku, mimi nahangaika na chini.

Na matiti yangu yalikuwa yanachoma kama yamepakwa pilipili nikimaliza kunyonyesha. Nilivumilia nikidhani ndiyo uzazi.

Mwangalie mdomoni, dada fundi.

---

FundiWaMajengo · Jumamosi, saa 1:30 asubuhi

Nimesoma hii nikiwa namnyonyesha. Nimemtoa kwenye titi, amenikasirikia, nimemfungua mdomo mbele ya dirisha. Kwenye ulimi pameonekana peupe kama amelamba uji, nikafuta kwa kitambaa safi kidoleni pakatoka. Ila ndani ya shavu la kushoto kuna madoa matatu kama chembe za jibini, hayo hayatoki.

Na mimi chuchu ya kulia inachoma tangu wiki iliyopita. Nilijua ni kwa sababu ameota meno mawili.

Naenda kituo cha afya sasa hivi. Cherehani itasubiri.

---

FundiWaMajengo · Jumamosi, saa 9:15 alasiri

Tumerudi. Daktari amemwangalia juu na chini, amesema ni yuleyule kandida. Amepewa nistatini ya matone, mililita moja mara nne kwa siku baada ya kunyonya, nusu shavu hili nusu shavu lile, si ya kumwagia kooni ameze haraka, inatakiwa iguse palipo na madoa. Mimi nimepewa krimu ya kupaka chuchu nikishamaliza kunyonyesha, na wakasema tutibiwe pamoja, vinginevyo tutakuwa tunarudishiana kama mpira. Krimu ya chini tuendelee nayo. Mtoto hatukulipia, ana umri wa msamaha.

Akaniuliza pia kuhusu kadi, vipimo vyangu vya wakati wa ujauzito na uzito wa mtoto. Nilishtuka, nikauliza kwa nini. Akasema fangasi mara moja baada ya antibiotiki hana maana yoyote, ila akijirudia sana, au wa mdomoni akikataa dawa, ndipo wanamtafutia sababu ndani ya mwili: sukari, VVU, lishe. Vipimo vyangu vilikuwa salama na uzito wake unapanda, akasema nenda nyumbani.

Muuguzi wa pale aliuliza nimejuaje kumwangalia mdomoni. Nikamwambia nina dada Manyoni.

---

Mama_wa_Manyoni · saa 9:40 alasiri

Umeniliza. Chuchu za plastiki na vijiko vyake chemsha pia.

---

DukaLaDawa_Kibaigwa · saa 11:02 jioni

Tahadhari ndogo kwa wengine: kuna jeli ya mikonazoli ya mdomoni, nzito, tamu. Kwa vichanga wa chini ya miezi minne hatutoi, inaweza kuziba koo. Msinunue kwa kuwa jina linafanana na mliloliona hapa.

---

FundiWaMajengo · Alhamisi, saa 3:20 usiku

Siku ya kumi.

Chini ngozi ni ya kawaida, imebaki weusi kidogo kama kivuli palipokuwa na upele, nesi aliniambia hiyo itakwenda yenyewe polepole. Mdomoni hakuna doa. Chuchu haichomi. Bado tunapaka na bado tunadondosha, nimeweka alama kwenye kalenda ya ukutani kwa chaki ya fundi mpaka siku ya kumi na nne ya krimu, ili nisije nikajidanganya tena.

La mama mkwe mtataka kulijua. Jumapili nilimkalisha, nikamsomea thread yote kuanzia juu, na ya Mgogo_Halisi nayo nikasoma. Alicheka mpaka akajifuta machozi na upande wa kanga. Kubemenda hakukutaja tena wala hakukukanusha. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri nikasikia kuni zinapasuliwa uani. Ndiye anayechemsha nepi siku hizi, sufuria lake mwenyewe, halafu anapiga pasi ya mkaa moja baada ya nyingine, ndani nje, hataki kusaidiwa. Maji ya mwisho anayatoa kwenye dumu la mvua ya mwaka jana ambalo nilikuwa sijui kama lipo. Alizeti imeingia kwenye mlenda.

---

MamaK_Singida · saa 3:45 usiku

Hizo nepi umeshona mwenyewe? Unauza? Mjukuu wangu za dukani zinamkata mapajani.

---

FundiWaMajengo · saa 4:00 usiku

Shikamoo bibi. Siuzi bado, ila nikueleze fundi wa huko akushonee. Kitambaa flana ya pamba tupu. Ukitaka kuhakikisha, choma kiuzi kimoja: pamba inanuka karatasi na kuacha majivu, ya nailoni inajikunja kama plastiki. Tabaka tatu katikati, moja pembeni. Mpira wa pajani usiuvute wakati wa kushona, uache ulale, kidole chako kimoja kipite bila kulazimisha. Ile chupi ya plastiki ya kuvalisha juu usiweke mchana. Na kipimo cha kiuno kichukue mtoto akiwa amekaa, akilala tumbo linakudanganya.